UCHANGANUZI: Mtego wa bima ya nyumba ambayo mteja hakuihitaji

MGENI njoo mwenyeji apone, walisema wa kale. Walakini mgeni anayebisha mlango Jumamosi asubuhi akiwa na mkoba begani na fomu iliyojazwa nusu huwa amekuja kwa shughuli nyingine kabisa.

Huyo ni wakala wa bima. Anamjua jirani kwa jina, na pengine jirani ndiye aliyemwelekeza. Chai ya kwanza ikinywewa, atasimulia habari za wezi waliovunja nyumba mtaa wa pili. Ya pili ikimiminwa, atadai kwamba siku hizi sheria inamlazimu kila mtu kuikatia nyumba yake bima. Kabla ya adhuhuri saini huwa imetiwa, na pamoja nayo idhini ya benki kukata pesa kila mwezi.

Wengi huja kutambua walichokikubali baada ya miezi kadhaa, wanapoona kwenye taarifa ya akaunti kwamba pesa zinaenda kwa kampuni wasiyoikumbuka. Wengine hutambua siku iliyo mbaya zaidi, ile wanayodai fidia na kuelezwa kwamba bima waliyokuwa wakiilipia haihusu hasara iliyowafika.

Uzito wa suala hili unazidi shilingi elfu chache zinazopotea. Ada zote za bima zinazolipwa nchini kwa mwaka hazifiki asilimia 3 ya pato la taifa, na sehemu kubwa ya hizo hutokana na bima za magari, matibabu na maisha. Bima ya nyumba imebaki kuwa mtoto wa kambo. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua takriban watu 300 na kuharibu makazi kuanzia Mathare hadi Mai Mahiu, yalidhihirisha jinsi familia nyingi zinavyoishi bila kinga yoyote.

Kila anayeuziwa bima asiyoihitaji huwasimulia jamaa zake kwamba biashara hiyo ni ulaghai mtupu. Miongoni mwa wanaomsikiliza wamo ambao nyumba zao zingestahili kweli kukatiwa bima, na ambao sasa hawatamfungulia mlango wakala yeyote, mwaminifu wala mdanganyifu.

Hoja ya kwanza inayofaa kuchunguzwa ni hiyo ya sheria, kwa sababu ndiyo inayowatisha watu kuliko habari za wezi. Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimu kila mwenye nyumba kuikatia nyumba yake bima. Bima ya lazima inayofahamika na wengi ni ile ya magari, inayomlinda mtu wa tatu anayeumizwa barabarani, na ambayo imewekwa na Sura ya 405 ya Sheria za Kenya.

Hata hivyo, uongo wa wakala huwa umechanganywa na chembe za ukweli, na hapo ndipo mteja hunaswa. Chembe ya kwanza ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka wa 2007, maarufu kama WIBA, inayomtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Mwenye kumwajiri yaya au mtunza bustani ni mwajiri. Lakini sheria hiyo inamlinda mfanyakazi. Haisemi lolote kuhusu paa, runinga au makochi ya tajiri wake.

Chembe ya pili inawahusu walionunua nyumba kwa mkopo. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa aliyeiweka nyumba yake rehani jukumu la kuhakikisha, kwa bima au njia nyingine inayofaa, kwamba kutakuwa na pesa za kurekebisha jengo likiungua moto. Bima inapokatwa, inafaa kuwa kwa majina ya pamoja ya mkopaji na mkopeshaji, kutoka kwa kampuni iliyokubaliwa na mkopeshaji, na kwa thamani kamili ya majengo.

Maneno hayo ya mwisho yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Sheria inazungumzia majengo wala si ardhi. Mtu aliyenunua nyumba Kitengela kwa Sh9 milioni, ambapo shamba pekee ni Sh3 milioni, hana sababu ya kulipia bima ya Sh9 milioni. Ardhi haiungui. Kinachostahili kukatiwa bima ni gharama ya kulijenga jengo hilo upya, pamoja na ada za wahandisi na kuondoa vifusi.

Lakini ni nadra wakala kufanya hesabu hiyo, kwa kuwa ada hupigwa kwa asilimia ya kiasi kilichoandikwa. Kiasi kikipanda, ada hupanda, na malipo yake hupanda pia. Nyumba ikiteketea, kampuni italipa gharama ya kujenga tu. Ile ada ya ziada iliyolipwa mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya udongo itakuwa imekwenda bure.

Wenye mikopo ya nyumba ni wachache nchini. Idadi yao katika miaka ya karibuni haijazidi makumi machache ya maelfu. Ila hao ndio walio rahisi kuuziwa bima mara mbili. Benki nyingi sasa zina mawakala wao wa bima, na fomu ya bima huwekwa katikati ya rundo la karatasi za mkopo, ambapo mkopaji hutia saini kila ukurasa anaoonyeshwa. Baadaye wakala wa nje humjia na kumuuzia bima ya jengo lile lile.

Kadhalika, mkataba wa mkopo kwa kawaida huipa benki uwezo wa kulipa ada yenyewe iwapo mkopaji hajawasilisha ithibati ya bima, kisha kuongeza pesa hizo kwenye deni. Mkopaji aliyekata bima yake kwingine na kusahau kupeleka nakula benki huishia kulipia bima mbili, na juu ya moja kati ya hizo hulipa riba.

Je, mwenye bima mbili hufidiwa mara mbili? La. Bima ya mali haikukusudiwa kumtajirisha mtu, bali kumrejesha pale alipokuwa kabla ya hasara. Jengo la Sh4 milioni lililo na bima mbili za Sh4 milioni kila moja likiungua, mwenyewe atapata Sh4 milioni. Kampuni hizo mbili zitagawana mzigo. Bima ya pili humfaidi aliyeiuza, na kwa kiasi fulani kampuni ile nyingine, ambayo sasa imempata mwenzake wa kuchangia fidia.

Wapangaji nao wana mtego wao. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba idadi kubwa mno ya familia za Nairobi huishi katika nyumba za kukodi. Mpangaji hana jengo la kukatia bima. Hilo ni la mwenye nyumba. Alicho nacho ni vyombo vyake, na labda jukumu la kulipa iwapo jiko lake litasababisha moto unaoenea kwa majirani. Licha ya hayo, bima ya nyumba huuzwa kama furushi lenye vipengele vingi: jengo, vyombo vya ndani, vifaa vinavyobebwa nje kama simu na tarakilishi, wafanyakazi wa nyumbani, na dhima ya mwenye nyumba au ya mpangaji. Furushi halilazimu kununuliwa lote. Mteja anaweza kuchukua vyombo pekee na kuacha yaliyosalia, jambo ambalo si kila wakala hukumbuka kulitaja.

Mwenye chumba katika ghorofa anafaa kuwa mwangalifu vivyo hivyo. Kwa kawaida shirika la wenye vyumba hulikatia jengo zima bima na kulipa kutoka kwa ada ya huduma ya kila mwezi. Akikata nyingine ya jengo, analipia kuta ambazo tayari zimelipiwa.

Kuna kosa la upande wa pili pia, ambalo huumiza zaidi. Wakala anayeogopa kumpoteza mteja hupunguza thamani ya mali ili ada ionekane nafuu. Tuseme vyombo vya nyumba vinagharimu Sh1 milioni lakini vimeandikwa kuwa vya Sh500,000. Wezi wakichukua vitu vya Sh200,000, mteja hudhani atalipwa Sh200,000 kwa kuwa kiasi hicho kimo ndani ya bima yake. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba aliyekatia bima nusu ya mali yake hubeba mwenyewe nusu ya kila hasara. Atapata Sh100,000, tena baada ya kuondolewa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba humtaka mwenye bima ajilipie.

Yapo masharti mengine yanayofichwa katika herufi ndogo. Wizi usioacha alama za kuvunja mlango au dirisha mara nyingi haufidiwi. Nyumba ikiachwa bila mtu kwa zaidi ya siku 30, kinga dhidi ya wizi kwa kawaida husimama. Kwa familia zinazofunga nyumba jijini na kwenda mashambani Desemba nzima hadi shule zifunguliwe, sharti hilo moja laweza kuifanya bima kuwa karatasi tupu wakati ule ule wezi wanapozunguka mitaani.

Ni kwa nini basi mawakala huuza kwa namna hii? Kuwalaumu kwamba ni wabaya wa tabia hakutoshi. Nchi ina mawakala wa bima zaidi ya 10,000, wengi wakiwa vijana waliotoka vyuoni bila ajira, na wengi wao hawana mshahara. Hula kamisheni. Asiyeuza hapati hata nauli ya kurudi nyumbani, na kampuni humwekea kiwango cha kufikia kila mwezi. Kamisheni ya bima ya nyumba kwa kawaida hupita ile ya bima ya gari kwa asilimia, hivyo wakala aliyekuja kuhuisha bima ya gari ana kila sababu ya kutazama sebule kwa jicho la biashara.

Kinachokera ni kwamba kampuni hunufaika na ari hiyo mambo yakiwa mazuri, kisha hujitenga nayo yakiharibika. Mteja anapolalamika kwamba aliahidiwa hili na lile, huambiwa asome mkataba aliotia saini. Wakala, anaelezwa, ‘hakuwa na idhini’ ya kusema aliyoyasema.

Mwelekeo huo una mizizi ya zamani. Sheria ya bima ya Kenya ilitokana na ya Uingereza, na huko mwaka wa 1929 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wakala anayemjazia mteja fomu hufanya hivyo kama mtumishi wa mteja. Wakala katika kesi hiyo alikuwa ameandika majibu yasiyo ya kweli ingawa aliambiwa ukweli. Aliyeumia ni mteja. Tangu hapo fomu za maombi zimebeba tamko kwamba majibu yote ni ya mwombaji mwenyewe, hata kama mkono ulioandika ni wa mwingine. Waingereza wenyewe walilegeza sheria zao kwa wateja wa kawaida mwaka wa 2012.

Nchi hiyo imetoa funzo jingine linalofaa kutazamwa na wadhibiti wa hapa. Kwa miaka mingi benki za Uingereza ziliwauzia wakopaji bima ya kulinda malipo ya mkopo, wengi wao wakiwa hawaihitaji, hawajui wanayo, au wasiostahili kulipwa chochote chini yake. Kufikia mwisho wa zoezi la kupokea malalamiko, Agosti 2019, benki zilikuwa zinaelekea kurejesha zaidi ya pauni 38 bilioni.

Katika kesi moja iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya huko Novemba 2014, ilibainika kwamba karibu asilimia 72 ya ada iliyolipwa na mkopaji ilikuwa kamisheni. Mahakama ilisema kutomweleza kuwa kamisheni ilikuwa kubwa hivyo kuliufanya uhusiano huo kukosa haki. Mkopaji huyo hakuhitaji kuonyesha kwamba alidanganywa kwa maneno. Kimya kilitosha.

Nchini Kenya ni mara chache mnunuzi wa bima ya nyumba kutajiwa ni shilingi ngapi kati ya ada yake zinabaki mfukoni mwa aliyemuuzia. Karatasi humwonyesha ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2, mchango wa asilimia 0.25 kwa hazina ya kuwafidia wenye bima kampuni zinapoanguka, na ada ya stempu ya Sh40. Vijisenti hivyo vimeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Kamisheni, ambayo ni nono kuliko vyote hivyo, haionekani popote.

Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, iliyoanza kazi mwaka wa 2007 baada ya kutengwa na Wizara ya Fedha, ina uwezo wa kubadilisha hali hiyo. Kampuni ikitakiwa kuandika kamisheni kwenye ukurasa wa kwanza, na ikitakiwa kumpigia simu kila mnunuzi mpya wa bima ya nyumba kabla ya kukata pesa zake ili kuthibitisha kwamba anajua anachonunua, mauzo mengi ya Jumamosi asubuhi yangekufa yenyewe. Ibara ya 46 ya Katiba tayari inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa au huduma. Kamisheni bila shaka ni habari ya aina hiyo.

Kwa sasa mteja hana budi kujilinda. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inamtaka kila wakala awe amesajiliwa, na orodha ya waliosajiliwa hutolewa na IRA. Anayesita kuonyesha cheti chake asiruhusiwe kupita sebuleni. Malipo yafanywe kwa nambari au akaunti ya kampuni yenyewe, kamwe si kwa simu ya wakala, na mkataba kamili udaiwe kwa maandishi. Kipeperushi chenye picha ya familia inayotabasamu si mkataba.

Aliyekwisha kutia saini naye hajafungwa minyororo. Mikataba mingi ya bima ya nyumba humruhusu mwenye bima kuivunja wakati wowote kwa barua na kurejeshewa sehemu ya ada. Kinachorejeshwa huwa kidogo kuliko siku zilizosalia, kwa sababu kampuni hutumia kiwango cha muda mfupi kinachoipendelea. Kwa hivyo kila wiki ya kusitasita ina gharama yake. Barua ipelekwe kwa kampuni, si kwa wakala, na nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa. Siku hiyo hiyo benki iagizwe kwa maandishi kusimamisha makato. Wapo walioandikia kampuni wakasahau benki, pesa zikaendelea kwenda.

Mwenye mkopo wa nyumba asivunje bima ya jengo kabla ya kuipelekea benki ithibati ya nyingine, la sivyo atajikuta kwenye ile hali ya kulipiwa kwa nguvu. Kipengele cha vyombo, ambacho benki haina haja nacho, anaweza kukiondoa bila kumwomba mtu ruhusa.

Kuhusu vitisho vya wakala kwamba bima ya mwaka uliopita ‘imejihuisha’ na mteja sasa ana deni, vingi havina mashiko. Bima ya nyumba ni ya mwaka mmoja, na kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinaizuia kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada au kuhakikishiwa malipo yake. Ambaye hakulipa, hakutoa hakikisho na hakukubali kuendelea hana bima, na asiye na bima hadaiwi ada yake.

Wapo pia wanaosumbuliwa kwa simu na watu wasiowajua, waliopata nambari zao kutoka kwa vitabu vya walinzi langoni, wauzaji magari au marafiki wa marafiki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia habari za mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi au ruhusa ya sheria. Swali ‘nambari hii umeipata wapi?’ hufupisha mazungumzo kwa kasi ya ajabu. Yakiendelea, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data.

Kampuni isipojibu barua ya kuvunja mkataba, hatua inayofuata ni IRA, ambayo ofisi zake zipo katika jumba la Zep-Re, Upper Hill, Nairobi, na ambayo hupokea malalamiko bila mlalamishi kuhitaji wakili. Anayedai kurejeshewa pesa anaweza pia kufika katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kusikiza kesi Milimani mwaka wa 2021. Mahakama hiyo hushughulikia madai yasiyozidi Sh1 milioni na inatakiwa kuyaamua katika muda wa siku 60. Mlalamishi aende na nakala ya barua iliyopigwa muhuri, taarifa ya akaunti inayoonyesha makato, na ile fomu ya Jumamosi asubuhi, ikiwa aliachiwa nakala yake.